Jengo likianguka, zima jenereta kwanza

Mwezi uliopita ami yangu alinituma Nairobi nikamtafutie pampu ya kisima. Pampu kama ile Mombasa zipo, lakini ami ana imani yake kwamba kitu cha Industrial Area ni rahisi kwa kuwa kinatoka "mdomoni mwa kiwanda", na mimi si wa kubishana na mzee wa miaka sabini na tano. Nikapanda basi la usiku.

Aliyefika Industrial Area anajua kwamba mtu wa Pwani hapotei kule. Kuna barabara ya Likoni, kuna ya Changamwe, kuna ya Lunga Lunga, hata ya Dar es Salaam ipo. Tofauti ni kwamba ukiifuata Likoni ya kule huioni feri, unaona magodauni, malori na mabomba ya moshi.

Dukani, huku pampu ikifungwa kwenye boksi, niliona sanduku limefunguliwa juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na waya mnene wa manjano uliokunjwa kama kamba ya nahodha, na kwenye ncha ya waya kichwa cha chuma kisichozidi kidole gumba, kimezungukwa na vitaa vidogo. Kijana wa duka aliona macho yangu yalipo. "Shehe, hii ni kamera ya kutafuta choo kimeziba wapi," akasema. Akatumbukiza shilingi kumi ndani ya paipu ndefu iliyolala sakafuni, akasukuma waya, na kwenye skrini ndogo tukaiona ile shilingi imelala, inang'aa.

Nikamuuliza kwa utani kama inaweza kumtafuta mtu. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia yeye anakaa Huruma, na alikuwa akikaa Huruma mwaka 2016.

Msomaji wangu pengine umesahau, kwa sababu majengo yanayoanguka ni mengi mpaka yanachanganyika. Ijumaa ya 29 Aprili 2016, saa tatu unusu usiku hivi, mvua ikinyesha kwa nguvu, jengo la ghorofa sita la vyumba vya kupanga lilianguka Huruma, karibu na mto. Waliokufa walikuwa kama 50. Zaidi ya watu 130 walitolewa hai, wengi wao mwanzoni. Lakini kulikuwa na wengine ambao hakuna aliyewatarajia. Mtoto mchanga wa kike alitolewa Jumanne alfajiri, baada ya saa zipatazo 80. Na Alhamisi ya 5 Mei, siku ya sita, akatolewa mwanamke mjamzito aliyewekewa oksijeni na dripu akiwa bado amebanwa chini. Mwanamke alipona, mimba haikupona. Kazi ile ilifanywa na wanajeshi, Msalaba Mwekundu, vijana wa NYS, kaunti, na majirani waliokuwapo kabla ya hao wote.

Huruma na Industrial Area ni kama ndugu wa tumbo moja. Mitaa ya Eastlands ilikua kwa sababu ya viwanda na reli. Ile ya zamani kama Kaloleni na Makongeni ilijengwa na baraza la mji na shirika la reli kwa ajili ya wafanyakazi. Baadaye watu wakazidi nyumba, na wenye viwanja wakajenga kwenda juu: Huruma, Pipeline, Tassia, chumba kwa chumba, ukuta kwa ukuta. Desemba 2019 jengo jingine la ghorofa sita lilianguka hapo Tassia, wakafa watu wasiopungua 10. Asubuhi na mapema utawakuta wakazi wa mitaa hiyo wanatembea kwa miguu kwenda viwandani, maana kodi imeshakula nauli.

Narudi kwenye ile kamera. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikijiuliza kama kile kichwa cha kidole gumba kingeweza kumwona mtu wa siku ya sita. Nimesoma na kuulizia tangu hapo, na jibu limenishangaza kidogo. Kamera huja mwishoni. Kwanza yanatangulia masikio.

Jengo la saruji likianguka, mara nyingi slebu hulala juu ya slebu kama chapati kwenye sahani. Lakini hazilali sawasawa. Slebu moja huegemea ngazi, nyingine husimamishwa na kabati au ukuta uliobaki, na chini yake hubaki nafasi ya pembetatu, pengine ya mtu kulala tu. Waokoaji wanatafuta nafasi hizo. Kutoka juu huzioni. Kuchimba kila mahali huwezi, na ukichimba ovyo unaweza kuiangusha nafasi juu ya aliyemo. Kwa hiyo unahitaji mtu aliye chini akwambie aliko.

Kifaa cha kusikiliza kinafanya kazi hii kwa njia rahisi kuliko unavyodhani. Kuna vidude kadhaa vya chuma, kila kimoja kama kikombe cha kahawa, vimeunganishwa kwa waya na sanduku moja. Ndani ya kidude mna sumaku na waya mwembamba uliozungushwa, na kimoja kati ya hivyo viwili kimening'inizwa kwenye springi. Saruji ikitetemeka, hata kwa mkwaruzo wa ukucha, springi inacheza na umeme mdogo sana unapita kwenye waya. Sanduku linaukuza, na mwokoaji aliyevaa spika za masikioni anausikia kama sauti, huku kwenye skrini mstari wa kila kidude ukipanda na kushuka. Hicho kidude hakisikii hewa kama sikio lako. Kinasikia mtetemo, kama daktari anavyosikia moyo kupitia mbavu.

Vidude vinatandazwa juu ya kifusi. Mtu wa chini akigonga, kidude kilicho karibu naye kinasikia zaidi ya vingine. Waokoaji wanavihamisha kuelekea upande ule, wanasikiliza tena, wanahamisha tena, mpaka eneo la uwanja wa mpira linakuwa eneo la mkeka. Hapo ndipo wanatoboa tundu dogo, na hapo ndipo kamera inapata kazi.

Kamera ya uokoaji inafanana na ile ya vyoo, ila imefungwa kwenye mti wa chuma unaorefuka kama ufito wa kuvulia, na kichwa chake kinageuka kushoto na kulia. Kina taa zake chenyewe, kina maikrofoni na kispika. Hicho kispika ndicho kilichonigusa. Mtu aliyelala gizani siku tatu anasikia sauti karibu na uso wake ikimuuliza jina lake, anaumia wapi, na kama kuna mwingine karibu naye. Anaweza kujibu. Kwa majibu yake waokoaji wanajua wakate upande gani, na daktari anajua ajiandae na nini. Mtu aliyebanwa mguu kwa muda mrefu anaweza kufa mara tu anapofunguliwa, kwa sababu sumu iliyokusanyika kwenye nyama iliyobanwa inakimbilia moyo na figo. Ndiyo maana wa Huruma alipewa dripu kabla ya kutolewa. Anayevuta tu kwa huruma anaweza kuua.

Sasa mipaka yake. Kamera haioni ndani ya ukuta. Kwenye vumbi inaona mita chache tu. Ile kamera ya joto tunayoiona kwenye filamu, inayoonyesha mtu mwekundu nyuma ya saruji, haipo hivyo. Inasoma joto la juu ya kitu, na slebu iliyochomwa na jua mchana kutwa itakuonyesha wekundu wa slebu. Na vidude vya kusikiliza havimsikii mtu aliyezimia, kwa hiyo kimya si hati ya kifo. Kwa ajili ya hao kuna mbwa wa kunusa, na kuna rada. Baada ya tetemeko la Nepal la Aprili 2015, rada inayoitwa FINDER, iliyotengenezwa na watu wa NASA, ilisaidia kuwapata wanaume wanne kijiji cha Chautara kwa kunasa mapigo ya mioyo yao chini ya kifusi cha kama mita tatu. Ni kitu kizuri. Lakini rada nayo hudanganyika na kila kinachotikisika juu ya kifusi, hata wewe uliyesimama pale na simu yako.

Hapa ndipo pananiuma, kwa sababu nina kisa changu.

Miaka kumi na kitu iliyopita, masika ya mvua kubwa, ukuta wa nyumba kuukuu kichochoroni kwetu ulianguka baada ya Isha ukaangukia jiko la uani la jirani. Stima zilikuwa zimepotea. Mtoto wao wa kiume, miaka tisa, hakuonekana. Nilikuwa na jenereta ndogo ya biashara, nikaitoa mbio, nikaiweka hapo hapo penye kifusi, nikafunga taa mbili, nikajiona mtu wa maana. Watu walikuwa wamejaa. Huyu anamwita mtoto, huyu anapiga takbir, huyu anaamrisha, wanawake wanalia, jenereta inanguruma katikati yetu. Tulichimba upande wa mlango kwa sababu kila mtu alisema mtoto huwa anakaa mlangoni.

Baada ya kama nusu saa petroli ikaisha. Giza likatushika ghafla, na kwa mshtuko watu wote wakanyamaza. Ndipo tukasikia tik, tik, tik. Kijiko kwenye paipu. Upande wa karo, mbali na tulipokuwa tukichimba.

Alitoka na paja limevunjika. Leo ni mtu mzima, anaendesha tuktuk, na anachechemea. Mamake aliniambia baadaye kwamba mtoto alikuwa akigonga tangu mwanzo. Alikuwa anatusikia sote. Jenereta alikuwa anaisikia vizuri zaidi. Sijawahi kuhesabu dakika zile zilimgharimu nini, na yeye hajawahi kuniuliza.

Niliposoma utaratibu wa waokoaji wa kimataifa nilikuta kwamba jambo hili wamelipangia alama. Filimbi moja ndefu, ya sekunde tatu, maana yake kila kazi isimame na kila mtu anyamaze. Moja ndefu na moja fupi, kazi iendelee. Tatu fupi fupi, ondokeni, kuna hatari. Ikipigwa ile ndefu, mashine zinazimwa, magari yanasimamishwa, na watu hawasogezi hata mguu, maana hatua yako juu ya kifusi kwenye spika za masikioni ni kama ngoma. Kisha mmoja tu anaita kwa sauti: ukinisikia, gonga mara tano. Wanasubiri. Wanaita tena. Hii haihitaji kifaa chochote cha kununua. Wakiwa hawana vidude wanaweka masikio yao wenyewe kwenye mabomba na slebu, wamesimama kuuzunguka mzingo wa jengo, na kila mmoja ananyoosha mkono upande alikosikia.

Na ukiwa wewe ndiye uliye chini, Allah atuepushe, usimalize pumzi kwa kupiga kelele. Funika pua na mdomo kwa nguo kwa ajili ya vumbi. Gonga kwa kitu kigumu kwenye paipu au saruji, mara kadhaa, kisha nyamaza usikilize, kisha gonga tena. Kugonga kwa mpangilio kunajulikana kuwa ni mtu, kwa sababu maji yanayodondoka na mawe yanayotulia hayahesabu.

Wenye umri wangu wanakumbuka Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Nairobi na jengo la Ufundi lililokuwa ubavuni mwake likaporomoka lote. Walikufa watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Nchi nzima ilikaa redioni kumfuatilia mwanamke mmoja aliyekuwa akijibu kutoka chini. Waokoaji walifika kutoka Israel na vifaa vyao na mbwa wao siku ya pili yake. Walimsikia. Walizungumza naye. Walipomfikia alikuwa ameshakufa. Nilikuwa kijana wakati ule na nilidhani kumsikia mtu ni sawa na kumpata. Kusikia kunakwambia alipo. Kufika kunataka jeki, misumeno ya saruji, magogo ya kuegemezea, na saa nyingi, na saa hizo zinaanza kuhesabiwa tangu jengo linapoanguka, si tangu ndege inapotua.

Juzi juzi, 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi ya Jumamosi, watu wakiwa madukani. Zaidi ya 80 waliokolewa, zaidi ya 20 wakafa. Serikali ilieleza kuwa ilikuwa ikiwasiliana na waliokwama chini na kuwapelekea oksijeni, maji na glukosi. Hapo unaona faida ya kuwa karibu. Kariakoo iko katikati ya mji, na hospitali, jeshi na zimamoto viko pale pale.

Sisi wa Pwani tuna shida mbili juu ya hizo. Ya kwanza ni masafa. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi. Lamu ni mbali zaidi. Kifaa kikikaa Nairobi, hata kikipakiwa dakika ile ile, kinafika kwetu majirani wameshafanya walichoweza kufanya, jema au baya. Na popote duniani wengi wanaotolewa hai hutolewa na majirani katika saa za mwanzo.

Ya pili haisemwi sana, nayo ni nyumba zetu zenyewe. Vifaa hivi vinapendelea saruji. Saruji inapitisha mtetemo vizuri, na slebu zinaacha nafasi. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye dari ya boriti, haianguki hivyo. Inamwagika. Mawe na udongo wa chokaa vinajaza kila pengo, na rundo la vumbi linameza sauti kama godoro. Tuliliona hilo Unguja tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Watu wawili walikufa, Allah awarehemu. Ukitazama picha za siku ile utaona rundo la mawe na mbao, huoni pembetatu za kujificha mtu. Kisha fikiria Mji wa Kale wetu, vichochoro ambavyo mkokoteni unapita kwa kuomba radhi. Tingatinga halifiki. Kinachofika ni mtu na anachoweza kubeba mabegani.

Kwa hivyo, kwa maoni yangu, kamera ya mti mrefu na vidude vya kusikiliza vinatufaa zaidi kuliko mashine kubwa, maana vyote vinaingia kwenye mabegi mawili. Wakuu wa kaunti zetu za Pwani, mnaposoma bajeti ya majanga, tuambieni mambo mawili kwa lugha nyepesi. Begi la namna hii liko wapi kati ya Lamu na Vanga? Na nani amefundishwa kulitumia, na mara ya mwisho alifanya mazoezi lini? Kifaa kilichofungiwa stoo betri zake zimekufa ni mapambo ya sherehe ya kukabidhiwa.

Kijana wa Industrial Area, kwa taarifa yenu, alinitajia bei ya ile kamera ya vyoo, na ilikuwa chini ya bodaboda mpya. Haikutengenezwa kwa kifusi. Haina kispika, waya wake unalegea ukikosa paipu la kuuongoza, na siwezi kumshauri mtu aitegemee. Lakini tundu likiwa limeshapatikana na hakuna kingine, mimi ningeiingiza.

Ijumaa iliyopita baada ya Isha tulikaa barazani watu saba wa kichochoro chetu. Tumekubaliana mambo machache. Filimbi mbili zimenunuliwa, moja iko kwa muadhini. Jenereta yangu, ambayo bado ninayo, imepata waya wa mita hamsini ili ikae barabarani na taa tu ndizo ziingie ndani. Na tumeanza daftari la nani analala chumba gani, kwa sababu swali la kwanza la mwokoaji yeyote ni hilo, na usiku ule wa jirani yetu sote tulilijibu kwa kukisia.

Ami nilipomweleza haya yote aliniuliza kwanza pampu ilikuwa shilingi ngapi, akasikitika. Kisha akanyamaza kidogo akasema yeye halali tena chumba cha juu, dari linavuja, tangu Rajab amehamia kile cha nyuma karibu na kisima. Akaniambia nilitoe daftari niandike.